Chupa ya Chai Niliyoikata Kwenye Orodha

Orodha aliyonipa kaka yangu ilikuwa na vitu kumi na moja. Nilivihesabu mara mbili kabla sijaondoka nyumbani kwetu Hail, kwa sababu kaka yangu ni mwalimu wa sayansi, na walimu huhesabu vizuri ubaoni tu. Kamera, darubini, filamu, madaftari, kalamu za risasi, tochi, kofia, sanduku la dawa, ramani, kamba. Cha kumi na moja kilikuwa chupa ya chai, ile kubwa ya kuwekea kahawa, pamoja na vikombe vyake.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nyuma ya vilima vya mchanga vya Bawshar, kabla nyumba hazijafika huko, kulikuwa na watu waliokuwa wakifukuza mbweha kwa pikapu na mbwa kila Ijumaa asubuhi. Wakiwaua, wakiwatundika kwa mikia juu ya mgunga mmoja karibu na njia. Hawakuwala, hawakuwachuna. Kaka yangu aliwapeleka wanafunzi wake kutazama ndege, wakaukuta ule mti.

Sheria ilikuwa imeshakataza mambo hayo. Lakini alipokwenda ofisi ya wanyamapori, bwana wa pale alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia, "Mwalimu, mti hauna nambari ya gari. Niletee picha, na mtu aliyeona kwa macho yake."

Ndipo akakusanya watu wa kujitolea: wauguzi wawili, dereva mmoja wa Tanga aliyekuwa akiendesha gari la kampuni, na jirani yetu, askari mstaafu, mzee ambaye mtaa mzima tulimwita Ami. Mimi sikuwa na moyo wa porini. Kazi yangu ilikuwa kuinunulia zahanati vifaa, na maduka ya Ruwi, kule mjini, nilikuwa nikiyajua kama nnavyoujua mkoba wangu. Kwa hiyo orodha ikaja kwangu.

Mwenye duka la kamera na vifaa vya safari alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mombasa. Aliponiona aliweka kalamu chini.

"Dada, ukiingia wewe mie kichwa huanza kuniuma."

"Basi nipunguzie haraka, upone."

Kamera alizonitolea kwanza zilikuwa na kitufe cha kuzimia mwanga. Nilizirudisha. Za bei ya chini yake mwanga wake ulikuwa ukiwaka wenyewe penye giza, huwezi kuuzuia. Nikasema ndizo, watu wangu hawana haja ya vitufe. Tukavutana hadi akatia filamu za bure. Mwisho akaitazama orodha, akaniuliza, "Na chupa ya chai?"

"Wanakwenda kushuhudia, hawaendi mandari," nikasema, nikapiga mstari.

Niliona nimeshinda. Nilirudi Hail nikiwa na vitu kumi, nikavihesabu tena ukumbini, vyote vipo.

Jioni ile kaka yangu aliwafundisha. Andika saa kwanza, halafu nambari ya gari, halafu unachokiona, si unachokidhani. Usisogee. Usibishane. Usiguse mzoga. Ami aliishika kamera kama mtu aliyepewa kichanga cha wenyewe. Alipomaliza kuigeuzageuza akauliza, "Kahawa anachukua nani?"

Kaka yangu akanitazama mimi.

"Kahawa utakunywa ukirudi, Ami," nikamwambia.

"Haya," akasema. Alikuwa amezoea kutii amri, na nyingine zilikuwa mbaya zaidi ya hiyo.

Ijumaa ilipofika, alikwenda yeye na yule dereva. Dereva alibaki na gari nyuma ya kilima. Ami alijilaza baina ya mawe tangu alipomaliza sala ya alfajiri. Pikapu ikaja, nyeupe, na mbwa wawili wembamba. Mbweha waliyemtoa mafichoni alikuwa jike, naye hakukimbilia mbali. Alirudi kwenye shimo la watoto wake, na huko ndiko mbwa walikomkuta. Ami alipiga picha tatu. Alipopiga ya nne, vumbi lilikuwa limeziba jua, na kamera yangu ya bei nzuri ikawasha mwanga.

Wakamwona. Walikuwa watatu, wakapanda hadi aliko. Mkubwa wao alimsalimu, akamshika mkono, akamwuliza habari kama inavyoulizwa kwetu watu wakikutana jangwani: za njia, za watu, za nchi. Ami akajibu kama inavyojibiwa, hakuna habari, ila kheri. Mkeka ukatandikwa. Tende zikaja, kahawa ikaja. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini pale, wala kamera ni ya nini. Akanywa vikombe vitatu, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba inatosha, wakaagana.

Tulijua yote hayo mchana, ukumbini kwetu.

"Nshakula tende zao," Ami alisema. "Siwezi kwenda kuwasema."

"Ami," kaka yangu akasema, "wamemuua pamoja na watoto wake, mbele yako."

"Nnajua. Wanne. Niliwahesabu."

Dereva wa Tanga akacheka kidogo. "Mzee, kahawa ni kahawa tu. Mimi polisi wa kwetu walininywesha chai na andazi, na bado niliwashitaki."

"Kwenu, labda," Ami akasema.

Picha zilisafishwa Ruwi. Tatu zilikuwa vumbi, makalio ya mbwa na ubavu wa gari. Ya nne ilikuwa jiwe moja lililo karibu na lenzi, limemulikwa vizuri sana. Nambari ya gari na uso wa mwenyewe vilikuwa kichwani mwa Ami. Asiposema, wataendelea, na Ijumaa haikosi kufika.

Nilikwenda kwake peke yangu. "Ami, chupa niliikata mimi."

"Nnajua, mwanangu." Hakuwa na hasira. "Ningekuwa na yangu, ningewamiminia mimi kabla hawajanimiminia wao. Mtu huenda porini na kahawa yake, asije akawa mgeni wa kila anayemkuta."

Siku ya pili nikarudi dukani, nikataka chupa kubwa kuliko zote. Mhindi akataja bei, nami nikalipa. Akanifuata hadi mlangoni kuniuliza kama nyumbani kuna msiba.

Ami aliipokea ile chupa, akaiweka dirishani. Ilikaa pale siku tano. Ya sita akamtumia salamu mwenye pikapu, aje kwake alasiri anywe kahawa. Alikuwa mtu wa Bawshar, wa ukoo ambao Ami alikuwa akikaa nao kwenye majlisi yao, baraza la wanaume, miaka yote.

Mimi nilikuwa jikoni na mke wa Ami, pazia baina yetu na wanaume. Kahawa niliipika mimi. Nilisikia habari zikiulizwa na kujibiwa, nikasikia kikombe cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikamiminwa. Ndipo Ami akasema, kwa sauti ileile ya kuulizia watoto:

"Ulinipa tende, nimekupa tende. Ulinipa kahawa, nimekupa kahawa. Jumamosi nnakwenda ofisini kusema nilichokiona. Nimeona nikwambie mwenyewe, nyumbani kwangu."

Mke wa Ami alishika ukingo wa meza.

"Mzee," yule mtu akasema, "kwa ajili ya mbweha?"

"Ndiyo."

Viatu vikaburuzwa mlangoni. Nilipoingia kutoa sinia, vikombe viwili mgeni alikuwa amevinywa. Cha tatu kilikuwa mkekani, kimejaa hadi mdomoni.

"Hakukimaliza," nikasema. "Wewe kwao ulikunywa vitatu."

"Nimemmiminia," Ami akasema. "Kunywa ni juu yake."

Jumamosi alikwenda, na nguo zake zimepigwa pasi. Gari ilizuiliwa, mtu akatozwa faini, na msimu ule wa baridi mgunga ule haukutundikwa kitu. Wauguzi na dereva wakaendelea kwenda, wengine wakaongezeka, na katika kila orodha niliyonunulia, chupa ya chai ndiyo iliyokuwa ya kwanza.

Kwenye majlisi ile ya Bawshar Ami hakufukuzwa. Alipofika, walimpa nafasi na kahawa alipewa. Ila hakuna aliyemwuliza habari. Zilikuwa zikiulizwa kwa mtu wa kulia kwake, kisha kwa mtu wa kushoto. Alivumilia mwaka mzima, halafu akaacha kwenda.

Kaka yangu akaanza kumtembelea kila Ijumaa baada ya sala, hadi mzee alipofariki miaka michache baadaye. Mara nyingine nilikwenda naye. Kaka alikaa mkekani, akamwuliza kwa utaratibu: za njia, za watu, za nchi. Ami akajibu hakuna habari, ila kheri. Kikombe kikazunguka. Halafu kaka yangu akamwuliza tena, zote, tangu mwanzo.