Alama Sitini na Moja

Kitabu kilifika nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na barua. Riwaya hiyo ilichapwa miaka thelathini iliyopita, ikauzwa kidogo, ikasahaulika. Sasa mchapishaji mmoja ameifufua na redio haziishi kuisema. Inahusu mhadhiri wa kawaida kabisa: anafundisha, anasahihisha mitihani, anamwagilia vyungu vya maua dirishani, analala. Barua ilisema mwandishi, aliyejificha nyuma ya jina la kubuni, angependa kuja Jumamosi kumwona babu yangu, kwa sababu mhadhiri wa kitabuni ni yeye.

Babu alifundisha historia miaka thelathini na minne, katika chumba kilekile cha ghorofa ya pili. Wanafunzi walimwita Chokaa, kwa sababu ya mkono wa koti lake uliojaa vumbi la chaki. Alistaafu na joho, saa ya ukutani na sifa moja: alama zake hazikuwahi kutiliwa shaka na mtu.

Alisoma kurasa chache, akamtazama bibi kwa jicho la pembeni.

"Nani mwingine anajua kwamba nikisahihisha navua kiatu cha kushoto?"

"Ukoo mzima," alisema bibi, akiendelea kukunja nguo. "Soksi zako zinajitangaza zenyewe."

"Sifanyi mzaha."

"Ningekiandika mimi, ungekufa ukurasa wa tatu. Au nasema uongo, mke mwenzangu?"

Hapo alikuwa akiniuliza mimi, mjukuu wake. Nilicheka nyuma ya gazeti. Babu hakucheka. Alimpigia simu aliyekuwa katibu muhtasi wa idara, akamzungusha robo saa kwa habari za wajukuu kabla ya kumchomekea swali. Katibu akasema tangu astaafu hajafungua kitabu na hana mpango huo. Ikabaki zamu yangu, maana nafanya kazi maktaba ya chuo.

"Na huo ukimya wako," aliniambia, "una mambo."

Jumatano kitabu kikatoweka mezani. Nilikikuta kabatini chini ya joho, ukurasa wa mia na kumi na mbili umekunjwa pembe. Babu akanifuma nimekishika. Badala ya kunigombeza alirudishia mlango, akaketi kitandani.

"Mwaka mmoja mvua iliingia dirishani ofisini," alisema. "Karatasi ya juu ya rundo la mitihani ikalowa chapachapa. Namba ya mwanafunzi niliisoma kwa shida. Ndani nyeupe pe, wino wote umekwenda na maji. Sikumwambia mtu. Nilimpa mwenye namba hiyo sitini na moja, kwa kukisia tu. Na humo kitabuni imo! Sitini na moja, vilevile. Anakuja kunivua nguo, huyo. Alama moja ikiwa ya kubuni, nani ataziamini zilizobaki?"

"Ulimaliza sura?"

"Nilipoona alama hiyo nilifunga."

Nikamsomea. Kitabuni, binti amemzika mama yake wiki ya mtihani. Anakaa saa tatu akitazama karatasi, anaandika namba yake tu, anairudisha tupu. Matokeo yanatoka: sitini na moja. Anaamini mhadhiri aliuona utupu ule, akaujua msiba wake, akamhurumia bila kusema neno. Kuanzia siku hiyo anamtazama mtu huyo kila apitapo, kiatu chake, vyungu vyake, mpaka anapata kitabu kizima.

Babu alikichukua kitabu mkononi mwangu, akaunyoosha ukurasa uliokunjwa.

"Kwa hiyo mvua haikufuta kitu."

"Haikufuta."

"Na mimi sikumhurumia mtu."

"Mwache aamini hivyohivyo," ilisema sauti ya bibi nje ya mlango.

Babu akaruka. "Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu mvua ilipoingia dirishani."

Siku mbili zilizofuata babu alijiandaa kumpokea mgeni. Mara mbili nilimkuta mbele ya kioo akisema "karibu" kwa sauti tofauti, na kila sauti akiitilia shaka.

Jumamosi mama mmoja mwenye mvi aliingia sebuleni, kitabu chake kifuani, macho yamemlenga babu miguuni. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimeshavuliwa.

"Mwalimu," alianza, "nimekuja ku—"

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema babu. "Kabla hujanishukuru, nikueleze habari za dirisha langu."