Mkono wa Mama Kichungio

Kabla ndui haijaingia Mulongwe, hakuna mtu aliyempa Georgette mkono. Yeye aliugua ndui zamani, akiwa mtoto kule Runingu, ikamwachia uso wa mashimo mashimo, na watu wa kartie, yaani mtaa wake, ambao wakitoka nyumbani adabu wanaiacha chini ya kitanda, wakamwita Mama Kichungio. Alikuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani. Wanunuzi walimwambia, "Mwaga tu ndani ya kitunga, mama, usishike." Kanisani watu walisalimiana kwa mikono mpaka wafike kwake, na hapo kila mmoja anaanza kukohoa na kutafuta kitambaa. Georgette aliona yote. Alikuwa na kiburi cha kutosha kulisha nyumba tatu, na mwenye kiburi kama kile haombi mkono wa mtu.

Halafu ukaja mwaka wa mapinduzi. Wazungu wa mwisho walikuwa wamekimbilia Usumbura, vijana wakashuka na mikuki wakasema uhuru wa pili umefika, na ndui nayo ikaona ni wakati mzuri wa kutembea. Muuguzi, Enfirmie Déogratias, akasimama mbele ya dispanseri akatoa amri: hakuna kupeana mikono, hakuna kunywa kikombe kimoja, hakuna kukaa matangani. Akafunga mlango, akapanda mtumbwi. Amri ikabaki, mwenyewe akaenda.

Hapo ndipo maisha ya Georgette yalipoanza kuwa matamu. Ni aibu kusema hivyo juu ya ugonjwa uliojaza makaburi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kama hakuna mtu anayempa mwenzake mkono, basi Georgette amekuwa kama watu wote. Tena kila mtu alijua kwamba ndui haimrudii mtu. Wanaume wa Mulongwe, waliojipiga vifua siku ya uhuru mpaka vikavimba, wakajifungia ndani. Basile, kapita wa kartie, alitawala kupitia tundu la dirisha. Katekista Placide aliitwa na Mungu, ghafla sana, kwenda kuombea mashamba ya Kiringye. Georgette ndiye aliyeosha maiti, ndiye aliyechimba, ndiye aliyeimba kaburini peke yake kwa sauti mbaya. Sasa akawa Mama Georgette. Waliweka chakula mlangoni kwake, na chakula kikija bila samaki alikirudisha.

Siku zikaenda, ndui ikachoka. Wagonjwa wapya wakakosekana. Basile akatoka nje, amenenepa, akaita watu wote ufukoni kukata shauri moja: tunarudia maisha ya kawaida, ama bado?

Walikuja. Lakini kwa sababu amri ilikuwa bado inafanya kazi, kila mtu alisimama mbali na mwenzake, na mkutano wote ukawa wa kupiga kelele kama watu wa mitumbwi miwili. Georgette alikuja na kiti chake akakaa mbele, mahali alipozoea tangu siku za maziko.

"Minye nasema turudie!" akapaza sauti Onesphore, mvuvi. "Nitavuta wavu namna gani na mwenzangu iko kule? Samaki wanatucheka!"

"Turudie kama zamani," akasema Basile.

"Zamani gani, Kapita? Ya wazungu, ao ya uhuru, ao ya juzi mbele ya mapinduzi?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

Hapo wakagombana mpaka jua likapanda. Mmoja alitaka zamani yenye chumvi dukani. Mwingine alitaka zamani yenye mshahara, lakini bila fimbo. Placide, aliyerudi kutoka Kiringye na mashavu mapya, alitaka zamani yenye misa, na sadaka isisahauliwe. Hakuna aliyeitaka zamani nzima. Kila mmoja alijikatia kipande chake kama nyama ya sikukuu.

Georgette akasimama. "Minye sikubali. Mikono ibaki vile iko. Ilitufaidia nini? Angalieni hawa vijana wa mapinduzi. Hawataki kuguswa na muntu, wanasema dawa yao ya kuzuia risasi itakufa. Na mbuzi zetu wanazikula vizuri tu. Mumeona mmoja amekonda?"

Watu wakacheka, kisha wakageuka haraka kuangalia kama kuna kijana wa mapinduzi karibu.

"Lakini mama," akasema Placide kwa sauti ya kanisani, "Mungu alitupa mikono ili tusalimiane."

"Mungu yupi? Yule wa Kiringye? Wakati nilizika watoto wa jirani yako Libérate, mikono yako ilikuwa wapi, katekista?"

Placide akakohoa. Onesphore akasema, wala si kwa ubaya, "Mama Georgette, weye unaogopa ndui iende kwa sababu ilikupatia kiti."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli nusu. Nusu nyingine Georgette asingemwambia hata padri. Kiti angeweza kukirudisha nyumbani, ni chake. Aliogopa kwamba mikono ya watu wote itarudi, na wake peke yake utabaki unaning'inia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Shauri la kurudia likapita, wakavamiana, wakashikana, wakakumbatiana, wanaume wazima wakalia kama watoto. Georgette aliunyoosha mkono kidogo tu, usawa wa kiuno, ili asipopata mtu aseme alikuwa anafunga kitenge. Placide akatazama ziwa. Onesphore akakumbuka wavu. Basile akasema kutoka mbali, "Aksanti, mama, sasa utapumzika!"

Akafunga kitenge. Akabeba kiti. Hakufika mbali, akasikia nyuma yake sauti ya mtu aliyeshiba furaha: "Kichungio anaenda!"

Alfajiri iliyofuata, mama yake Basile, bibi Louise, akafariki. Alikuwa mzee sana. Mwenyewe alisema alizaliwa kodi ya wazungu haijazaliwa. Lakini shingoni na mikononi alikuwa na vipele vyekundu. Wale waliokumbatiana jana, kila mmoja akakumbuka chungu alichoacha motoni. Uwanja wa Basile ukabaki mtupu. Basile na Placide wakaenda kusimama nje ya ua wa Georgette.

"Mama Georgette! Mama amefariki. Iko na vipele."

"Pole, Kapita. Pole sana. Lakini mulikata shauri, kila kitu kama zamani. Zamani wanaume wanachimba, katekista anaimba. Placide, wimbo ungali unaujua?"

"Ni mama yangu," akasema Basile, na machozi yakamtoka, ya kweli.

Bibi Louise hakuwahi kumwita Georgette Kichungio.

"Nitakuja. Lakini utanisalimia kwanza."

"Tumekusalimia, mama."

"Kwa mkono. Tena si hapa kichochoroni. Kwako, mbele ya watu."

Wakaenda. Watu wakachungulia juu ya ua. Basile akatoa ncha za vidole.

"Mkono wote, Kapita. Mama yako hakukuzaa nusu."

Akautoa wote, umelowa jasho. Placide akafuata amefumba macho, midomo inaomba. Onesphore alikuja wa tatu, akaushika, akaugeuza, akautazama. "Kumbe ni mkono tu," akasema. Baada yake wengine wakapanga mstari.

Ndipo Georgette akaingia. Alimwosha bibi Louise polepole, akampaka mafuta. Alipotoka alisimama mlangoni.

"Ndui haiko. Ni kunguni. Basile, unatafuta zamani, na kitanda cha mama yako hukukitoa hata siku moja juani!"

Mtu mmoja akacheka, ingawa ni matanga, kisha wote, kisha wakaanza kulia vizuri kama inavyotakiwa. Siku ile wanaume walichimba wenyewe. Kaburi lilikuwa limepinda, na Georgette hakuacha kuwaambia.

Tangu hapo wanampa mkono. Wengine wanautoa mbio, kama mtu anayechukua kiazi ndani ya mafuta ya moto. Yeye hawasaidii. Anaushika, anauliza habari za mke, za watoto, za mbuzi, za mama mkwe, na hauachilii mpaka ajibiwe yote. Mkono wa Basile ndio anaoushika muda mrefu kuliko yote.