Miaka Sita Bila Cheti

Kidato cha nne nilipata divisheni ya nne. Chuo cha ualimu kilitaka ya tatu. Nikarudi nyumbani Kiabakari, na kwa kuwa shule ya msingi ya jirani ilikuwa na upungufu wa walimu, mwalimu mkuu akaniomba nijitolee darasa la kwanza. Wazazi walinichangia mahindi na dagaa.

Watoto wengi walikuja wakijua Kizanaki tu. Niliwafundisha Kiswahili kwanza kwa vitu vya nyumbani kwao, jembe, muhogo, mbuzi, ndipo nikaingia kwenye herufi. Hadi shule inafungwa Desemba, walikuwa wanasoma.

Mwaka wa sita alikuja mthibiti ubora kutoka wilayani Butiama. Alikaa nyuma, akasikiliza kipindi kizima, akawapa watoto watatu kitabu wamsomee. Tulipotoka nje akasema, "Madam, umefundisha vizuri. Naomba nione cheti chako."

"Sina."

"Basi kuanzia kesho usiingie darasani."

Mwalimu mkuu alijaribu kunitetea. "Mheshimiwa, huyu anafundishaga kuliko sisi wenye vyeti."

"Mimi nakagua sifa, mwalimu. Hizo nyingine sina pa kuziandika."

Nilirudia mtihani Bunda nikiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nikaipata ile ya tatu. Nikapeleka fomu chuoni Musoma, na karani akaisoma taratibu, kisha akanirudishia.

"Dada, ngazi ya cheti imeondolewa. Sasa ni stashahada, na hapa kwetu lazima uwe umefaulu hisabati."

Hisabati nilikuwa na F mara zote mbili. Nilikaa stendi hadi magari mawili ya Kiabakari yakaondoka bila mimi.

Siku hizi ninapika uji katika shule ileile. Darasa la kwanza lina mwalimu kijana mwenye shahada, mtu mpole, simchukii. Wanaoshindwa kusoma ananiletea jikoni. "Mama, nisaidie na hawa wawili," ananiambia, naye anajua kwamba niliwahi kufundisha darasa hilo. Ninawafundisha huku nakoroga sufuria.

Mwaka jana, kwenye kikao cha wazazi, alipongezwa kwa kuwa hakuna mtoto wake asiyejua kusoma. Alisimama akawashukuru walimu wenzake. Mimi nilikuwa nagawa vikombe. Nikaweka ndoo chini, nikapiga makofi kama wengine.