Mkeka wa Mbegu

Kabla sijamwona baba, nilisikia chupa zikigongana ndani ya shogi la punda. Alikuwa amezunguka kwa jamaa akiokota za jemu na za siki, kwa kuwa mwaka ule tungule, yaani nyanya, zilizaa hata zikatushinda. Shamba letu lilikuwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Amu. Barabara haikuwa na amani, na malori ya wanunuzi yalikuwa yameacha kuja. Mama akaamua nyingine tuzitie achari, nyingine tuzianike kwa chumvi, zitufae masika, mvua inapoziozesha shambani.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kazi yangu ilikuwa kugeuza vipande mikekani na kuviingiza ndani kabla ya Magharibi. Mkeka mmoja mdogo ulikuwa wa baba peke yake: tungule za shada la kwanza, zisizotiwa chumvi, asizoruhusu mtu kuzionja kwa kuwa ndizo za mbegu. Mbegu hiyo aliirithi kwa mamake. Mama alimtania kwamba ana wake wawili, na huyo mwekundu ndiye anayependwa.

Siku ya nne ya kuanika, adhuhuri, tulisikia milio ya risasi upande wa msitu. Mama alifunika sufuria.

Mlio wa pili ulikuwa karibu.

Tukakimbia.

Boti iliyotuvusha ilipokuwa katikati ya mkondo, baba aliniuliza kuhusu mkeka mdogo. Ningeweza kusema nimeuingiza. Nikasema uko juani bado.

Tulifikia kwa shangazi, Amu mjini. Siku mbili baba hakutulia. Alipanda darini, juu ya paa, kutazama mawingu ya bara, akashuka, akapanda tena. Habari zilikuja vipande vipande: nyumba zimechomwa, hali imetulia, haijatulia. Asubuhi ya tatu akajifunga kikoi chake cha shamba.

"Ndia si salama, Bwana Shee," mama alimwambia. "Tungule zitamea tena."

"Kwa mbeu gani, Bi Amina?"

Waliokwenda kumtafuta walimkuta karibu na kisima chetu. Mkeka ulikuwa kwapani mwake, umekunjwa, umefungwa vizuri kwa ukili. Walimzika kule, wakatuletea mkeka. Mama hakuzipanda mbegu zile, wala hakuzitupa. Ziko kabatini hadi leo, ndani ya chupa ya jemu. Nimejiambia mara nyingi kwamba waliomuua ni wenye bunduki, si jibu langu. Ni kweli. Hainisaidii sana.

Kinachonirudia ni asubuhi ile. Mama aliingia jikoni ili asimwone akitoka. Baba alisimama kizingitini akivaa makubadhi, akaniambia nisimwache shangazi achote maji peke yake. Kisha akateremka vidato vya baraza. Upepo ulikuwa ukiingiza vumbi ndani. Nikaufunga mlango, nikatia komeo.