Upondo wa Babu Mtulia

Enzi zetu sisi watoto wa Maparoni, hakuna aliyeamshwa na simu. Tuliamshwa na harufu ya uduvi wa nazi kutoka jikoni kwa Bibi, na ukichelewa unakuta wenzio wamekubakizia ukoko wa wali. Tulicheza kombolela katikati ya mizizi ya mikoko, tope hadi kwenye nyusi, kisha tukaenda shule tukinuka kaa. Leo nina stashahada ya uhasibu, nina duka la jumla Ikwiriri na nyumba ya vigae Kibiti, na hakuna aliyenishika mkono. Nasema bila haya, kwa sababu najua ukaidi huu niliurithi kwa nani.

Niliurithi kwa Babu Mtulia, mzaa mama. Kama mababu wote wa kwetu aliniita "mke wangu", na akimkuta Bibi kanuna husema, "Ninaye mwingine, hana maneno mengi." Alikuwa mvuvi wa wando, ule uzio wa nguzo na fito unaokitwa kwenye mlango wa kijito. Maji yakijaa samaki huingia. Yakipwa, uzio huwazuia kutoka.

Mlango wa Babu ulikuwa mnono kuliko yote, na wengi waliutamani. Ada ya kwetu ilikuwa kali: bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, likiukuta mlango wako una pengo, basi si wako tena. Ni wa atakayewahi. Tena watu waweza kukukatia miti na kukusukia fito, lakini kukita nguzo ni kazi yako peke yako.

Mwaka mmoja magoti ya Babu yalikuwa yamevimba, hata kwenye sala alikaa kitako. Ndipo kiboko akapita katikati ya wando akaubomoa wote. Jirani yetu Kondo, kijana mwenye mabega mapana, alikuja kutoa pole huku jicho lake liko kwenye kijito.

"Mzee wangu, umevua vya kutosha. Mahali pako nitapatunza mimi."

"Katunze jiko lako kwanza, Kondo. Jana mkeo kaja kwetu kuomba kitoweo."

Kondo alicheka, lakini aliporudi kwake alianza kukata nguzo.

Maji mafu, yale madogo yasiyojaa sana, yalipoingia, Babu alishuka topeni. Sisi wajukuu tulibandua magome na kufunga fito kwa kamba za ukindu, viganja vikawaka moto. Yeye alikuwa akikumbatia nguzo, akiizungusha, akiilalia kwa kifua mpaka izame. Mkondo uling'oa zile za kwanza. Akazikita upya. Bibi alimsihi aache, wakale kwa mtoto wao kule kijiji cha Umwe, kwenye mashamba. Babu alimjibu taratibu, "Huko Umwe nitakuwa mgeni wa nani? Hapa nina mahali."

Asubuhi ya bamvua wando ulikuwa umesimama, na kijiji kizima kilikuwa ukingoni kutazama. Maji yakaanza kupanda. Ghafla nguzo ya katikati ikalia, ikakatika, ikaenda na maji. Pengo likabaki wazi, na miti ya kukata ilikuwa mbali. Kondo alikuwa tayari kwenye mtumbwi wake, nguzo zimelala kando yake. Bibi alijifunika uso kwa upindo wa kanga.

Babu alisimama ndani ya mtumbwi wake. Akautazama upondo aliokuwa ameushika, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, uliong'aa kwa miaka ya viganja vyake. Akauchomeka penye pengo. Akauzungusha, akaulalia kwa kifua, akauzungusha tena. Ulipozama akaufunga kwa fito, akafunga na mtumbwi wake hapo hapo, akaketi.

Kondo alisogea karibu. "Mzee, hiyo nayo ni nguzo?"

"Inasimama, haisimami?"

Kondo aliushika akautikisa kwa mikono miwili. "Inasimama."

"Basi nivute unirudishe nyumbani. Upondo wangu uko kazini."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na Kondo akamvuta Babu hadi ukingoni kama anayemleta bwana harusi. Maji yalipopwa, kijiji kizima kilikula samaki, na mke wa Kondo alipewa fungu la kwanza.

Vijana wa leo bando likikata wanalala wakisema maisha magumu. Mimi niliposhindwa mtihani wa kwanza chuoni nilijiuliza upondo wangu uko wapi, nikarudi kukita upya.

Kabla ya bamvua lililopita nilishuka mwenyewe kwenye mlango ule, ambao sasa ni wangu, nimekunja suruali, nimevua saa ya mkononi. Vijana walinipiga picha, mmoja akaniuliza, "Anti, si ungemtuma mtu tu?" Nilikumbatia nguzo ya kwanza. Nguzo mbili zilinikataa, ya tatu ikakubali. Mzee Kondo, ambaye siku hizi anatembea kwa mkongojo, alikuwa ukingoni. Akaniita, "Inasimama, haisimami?"

"Inasimama, Mzee wangu."

Akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akatazama kijito juu na chini. Enzi zile mlango huu ulikuwa na watu wa kuugombea, mitumbwi imejaa nguzo, wenyewe wakisubiri mwenzao ateleze. Leo nimekita nikamaliza, nikageuka kumtafuta mpinzani wangu. Hakuwepo hata mmoja.