Sauti Iliyosafishwa

Juzi nilikuwa kwa fundi anayesafisha kanda za video, na mjane mmoja wa kambi ya jeshi alikuja kuchukua filamu ya zamani ya sinema, hadithi ya msichana anayekua.

“Mama, angalia, picha iko propre, safi kabisa,” fundi akasema. “Na ile sauti ya muntu mwenye alikuwa anatafsiri mu Swahili, nimeitosha, haisikike tena.”

Mama akagusa kioo cha televisheni. “Papa, ile sauti njo ya bwana yangu. Alikuwa anaelezea bantu filme ku kambi. Kaseti yangu ya zamani iko wapi?”

Akarudishiwa kaseti hiyo yenye sauti, akaifunga ndani ya kitenge, akaacha filamu safi mezani.

Fundi alicheka. Mimi sikuweza. Nilikwisha kufuta sauti ya marehemu mama yangu akiniita, iliyokuwa kwenye simu yangu, nipate nafasi ya nyimbo za Kanisa. Mungu anisamehe. Nyimbo ni nzuri, ila hakuna hata moja inayoniita kwa jina.