Mlango Uliomchubua Baba

Daktari alimwagiza mama atembee kila jioni, na mama akaninunia mimi. Kule kijijini kwetu Kitaya alitembea maisha yake yote, shambani, mtoni, kwa majirani, na hakuna aliyemwandikia kwenye cheti. Sasa sukari ilikuwa imempanda, nimemleta kwangu Magomeni, ile ya mji wetu huku kusini, na kijana mwenye koti jeupe anamtaka atembee bila mzigo kichwani wala mahali pa kwenda.

“Kutembea hivihivi tu,” alisema. “Daktali wako hana kazi za kufanya.”

Mama hana r. Mto Ruvuma kwake ni Luvuma, na nikimsahihisha ananiuliza ni nani kati yetu aliyemfundisha mwenzake kusema.

Alilolitaka lilikuwa moja tu. Alitaka kurudi Kitaya kipupwe kikifika, watoto watakapotolewa jandoni na ngoma ya lipiko kuchezwa. Alinikumbusha asubuhi nikimpa chai isiyo na sukari, na alinikumbusha jioni nikimfunga viatu. “Ngoma isinipite,” alisema. Baba alikuwa amefariki masika iliyopita, na mimi niliona ni kaburi linalomwita, ngoma ni kisingizio. Daktari akasema sukari ishuke kwanza. Kwa hiyo tukatembea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimeishi mji huu tangu nitoke chuoni, na kila ninakokwenda ninakwenda kwa pikipiki. Barabara zetu ni pana kuliko mahitaji yetu, waliozipima walitarajia watu wengi zaidi ya sisi tuliokuja, na mtu akipita haraka haoni kitu ila mchanga na uzio. Kwa mwendo wa mama kuta zilianza kuonekana. Kulikuwa na mwanamke aliyechorwa kwenye ukuta wa saluni, shingo ndefu, jicho moja limelizidi jenzake. Mama alimwamkia kila tulipopita, akaniambia yule ana homa. Kwa kinyozi kulikuwa na vichwa vya wanaume vimepangwa ubaoni, na mama alitaka kujua miili yao imepelekwa wapi. Mbele ya baa moja tulikuta samaki mkubwa wa saruji, na kwenye gereji ya jirani mafundi walikuwa wamemuunga tembo kwa ekzosi na springi mbovu za magari. Yule tembo mama alimpenda. Alimzunguka polepole, akampapasa mkonga, akawaambia mafundi kwamba tembo wao hatakula muhogo wa mtu, na wakacheka, na jioni zilizofuata wakamwekea stuli akae.

Niseme ukweli, nilifurahi. Tangu msiba mama hakuwa na maneno ila ya Kitaya na ngoma, na sasa alikuwa akigombana na picha.

Kwenye ukuta wa shule fulani wamechora ramani ya Afrika. Kisiwa cha Bukini wamekisahau, lakini hilo nililiona mimi. Mama aliniuliza Msumbiji iko wapi, nikamwonyesha, akaweka kiganja juu yake. Wazazi wake walitoka ng'ambo hiyo wakavuka Ruvuma pale Kilambo akiwa mgongoni. Aliuliza mto uko wapi. Nikamwonyesha mstari mweusi wa mpaka, nikamwambia mto wenyewe hawakuuchora.

“Basi hawa watu wanavuka nini?” akasema.

Kulikuwa na ukuta mmoja ambao hakuupenda. Vijana wasanii walikuwa wamechora uso mkubwa wa bibi wa Kimakonde, pambo la ndonya limetoboa mdomo wa juu, chale mashavuni zimepangwa vizuri. Mama ana chale kama zile. Wapita njia walimtazama yeye, wakatazama ukuta, wakamtazama tena, na mmoja akatoa simu. Mama alijifunika khanga mpaka puani.

“Yule wanamchola,” alisema tulipofika mbali. “Mimi wananikodolea macho.” Hatukupita njia ile tena.

Jioni ninayotaka kuieleza tulikuwa tunarudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka, nina madaftari ya kusahihisha, na nilitaka kumwahi muuza mkate. Tulipofika mbele ya ukumbi mmoja wenye kitambaa cha maonyesho ya sanaa mlangoni, mama alisimama.

“Inalia,” alisema.

Ilikuwa ngoma kweli, lakini ya spika. Nikamwambia ni muziki wa kurekodiwa tu, mama, twende. Hakunisikia. Aliikaza khanga kiunoni, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu aje Magomeni nilimfuata mimi nyuma.

Hapa inabidi nieleze lipiko ni nani, kwa ajili ya wasiotoka kwetu. Ni mchezaji wa ngoma aliyefunikwa nguo mwili mzima, na kichwani amevaa sura iliyochongwa kwa mti. Hivyo ndivyo ninavyoandika leo. Nilipokuwa mdogo lipiko hakuwa mtu. Lilikuwa jitu lililotoka porini, na akina mama walilikimbia, nasi watoto tukakimbia nyuma yao. Mvulana huonyeshwa ukweli akiingia jando, na huapa kutousema. Mwanamke haambiwi mpaka anaingia kaburini. Wanajua, bila shaka. Mwanamke gani asiyeijua miguu ya mumewe? Lakini hasemi kwamba anajua, na wanaume hawasemi kwamba wanawake wanajua, na ngoma inachezwa.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache mno. Angeweza kushinda shambani na mama siku nzima asiseme zaidi ya “lete jembe.” Lakini palikuwa na lipiko mmoja mwenye masharubu, sikio la kushoto limekatika ncha, ambaye alipoingia uwanjani aliwafukuza wanawake wote, na mmoja akamfukuza kuliko wote. Mama alikimbia mpaka ndani ya mihogo, anapiga kelele, khanga inamdondoka, anacheka. Kucheka kule sikukuona kwake mahali pengine popote.

Kesho yake asubuhi baba alikuwa na mchubuko kwenye paji la uso. Mama alimketisha kibarazani akampaka mafuta ya nazi.

“Umejigonga wapi?”

“Mlangoni.”

“Mlango huu mbaya.”

“Mbaya sana,” baba alisema, macho ameyafumba.

“Na jana nyie wanaume mlikuwa wapi? Lile jitu lilitaka kuniua.”

Baba alikuwa na raha, hata mtoto aliiona. Kila msimu wa ngoma alijigonga mlangoni. Mlango wetu ulikuwa mfupi kweli, ila baba alikuwa mfupi zaidi. Nilipotoka jandoni nami nikajua ni mlango gani, na kuanzia hapo tukawa watu watatu nyumba moja, wote tunajua, wote tumenyamaza. Baba alipofariki tulimlilia baba. Yule mwingine hakuna aliyemtaja.

Ndani ya ukumbi kulikuwa na meza zenye vinyago vya mpingo, vyungu, mikeka, picha za kupaka zimetundikwa ukutani. Mama hakuangalia hata kimoja, alikwenda moja kwa moja hadi mwisho, ilikokuwa spika. Karibu yake, juu ya kitambaa cha buluu, chini ya taa ya tyubu, kilikuwa kichwa chenye masharubu. Nywele za mtu zimebandikwa utosini. Sikio la kushoto halina ncha.

Nilifanya alichofundishwa kila mwanamume wa kwetu. Nilisimama kati ya mama na meza, nikamziba. Nilitegemea naye atafanya alichofundishwa, atageuka na kujifunika. Hakugeuka. Alinisukuma pembeni kwa mkono mmoja, taratibu, kama anavyosogeza pazia.

Dada mmoja aliyevaa fulana ya maonyesho alitujia kwa heshima.

“Shikamoo, bibi.”

“Malahaba.”

“Hiki ni kinyago cha lipiko. Wengi wanadhani ni shetani, lakini ndani anaingia mtu. Zamani wanawake hawakuruhusiwa hata kukisogelea. Siku hizi ni utamaduni wetu sote.”

Nilimchukia dada yule. Hakuwa amekosa kitu, alikuwa anafanya kazi yake, na aliifanya kwa upole. Lakini maneno ambayo baba alikufa nayo, ambayo mimi nimeyabeba tangu utotoni, aliyasema chini ya taa ya tyubu huku anatabasamu, na nilitamani umeme ukatike.

“Mtu?” mama aliuliza.

“Ndiyo, bibi. Mtu kabisa. Anaonea hapa mdomoni.” Akakiinua, akakigeuza tuone ndani. “Na ukingo huu ndio unaokaa kwenye paji la uso.”

Ndani mti ulikuwa mweusi, unang'aa kwa jasho la miaka. Pale kwenye ukingo ulikuwa umelika. Mama aliinama karibu sana, akapitisha kidole pale palipolika, mara moja, halafu tena. Dada alifungua kinywa kumwambia asiguse, akaacha.

“Kumbe,” mama alisema. “Ndio mlango wenyewe huu.”

Dada alicheka kidogo kwa adabu, kwa sababu hakuelewa. Mimi nilitazama sakafu.

“Na mwenyewe yuko wapi?”

“Alifariki, bibi, huko kijijini. Wenzake walisema hakuna wa kukivaa, vijana wamehamia mjini. Wakatukabidhi tukitunze. Huko kingeliwa na mchwa.”

“Kwa hiyo hakitachezwa.”

“Hapana, bibi. Lakini hapa kitakaa salama.”

Mama alimshukuru. Aliiangalia ile sura kwa mbele, masharubu na yote, kwa muda mrefu, na dada akapata aibu akaondoka kwenda kupanga vyungu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Halafu mama akatoka nje bila kuniambia twende.

Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Alikuwa analia. Msibani alilia kwa sauti, pamoja na wanawake wenzake, kama inavyotakiwa. Hii haikuwa na sauti. Machozi yaliingia kwenye chale zake yakapotelea humo. Nilikaa kando yake, mtu mzima mwenye watoto, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

“Baba yako nilimzika,” alisema baadaye. “Nilimlilia, nikanyoa, nikamaliza. Huyu nilikuwa bado naye.”

Hapo ndipo nilipoelewa kipupwe alikitakia nini. Alijua baba yumo kaburini. Lakini lipiko hafi, ndivyo wanawake wanavyoambiwa, na neno hilo alikuwa amelishika kwa mikono miwili. Alikuwa anarudi Kitaya kukimbizwa.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia nimefiwa na wawili. Nilikuwa na maneno, na Mungu anajua yalikuwa mdomoni. Lakini kiapo kile huapishwa mtu akiwa bado na kidonda, na hakitoki. Nikachukua pindo la khanga yake nikamfuta uso.

“Mimi sijasema kitu,” mama alisema.

“Hujasema, mama.”

“Na wewe hujasikia.”

“Sijasikia.”

Tukarudi nyumbani. Usiku huo niliwapigia simu wanaume wa Kitaya, wenzake baba, nimejaa hasira. Niliwauliza wametoaje kitu kile bila kuniuliza mimi mwanawe. Mmoja alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, “Ungekuja kukivaa wewe, mwalimu?” Nikamwambia simu inakata.

Mama aliendelea kutembea. Jioni alifunga viatu mwenyewe, akanisubiri mlangoni, tukapita barabara zilezile. Yule mwanamke wa ukuta wa saluni mama hakumwamkia tena. Mafundi wa gereji walimletea stuli, akakaa kwa heshima yao, akatazama barabara. Chai isiyo na sukari aliinywa bila kulalamika, na kuhusu Kitaya hakutaja neno.

Kipupwe kikaingia. Sukari ilishuka, ikakaa mahali pake, na daktari akampa ruhusa asafiri, mradi asisahau dawa. Nilitoka hospitalini mbio kama niliyeshinda mchezo. Nilikwisha kuongea na mtu mwenye gari, nikaomba ruhusa shuleni, nikapata uhakika kwamba ngoma ni Jumamosi. Nikamkuta mama uani, ungo mapajani, anachambua kisamvu.

Nikamweleza yote, gari, ruhusa, Jumamosi.

Aliweka majani ungoni akanitazama. Hakuwa na hasira.

“Niende kumwona nani?” akaniuliza, akingoja nimjibu.